Siku Tisa Nilizorudisha

Ijuganyondo, Jumapili mchana

Kemilembe mwanangu,

Salamu nazipita, maana asubuhi tumesalimiana na chai tumekunywa pamoja. Umekwenda mjini kuwaaga watu wa kwaya na umesema utarudi jua likipungua. Naandika sasa ukiwa hupo, kwa sababu ukikaa mbele yangu nitasema uongo. Ninajijua. Nimeusema uongo huu miaka saba na ulimi umeuzoea kama ulivyozoea Kihaya.

Mambo ya sanduku, ya tiketi ya meli, ya kumtafuta shangazi yako ukishuka Mwanza, hayo unayajua kuliko mimi. Wewe una kidato cha nne na cheti cha kupiga chapa. Mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililisoma nusu kwa sababu ya kuchuma kahawa. Utaona makosa ya maandishi. Yasahihishe kichwani, uendelee kusoma.

Naandika kwa ajili ya jambo ulilonisimulia jana ukimenya ndizi. Ulisema siku ya usaili wale wakubwa wa kiwanda cha samaki cha Mwanza walikuuliza kama una watu nyumbani watakaokuwa wanakuita kila mara. Ukawajibu kwamba huna mtu wa kukuvuta nyuma, na kwamba wewe ni mtoto wa mtu ambaye hakukosa kazi hata mama yako alipokuwa kitandani. Ukasema walitazamana wakatabasamu, na mmoja akaandika kitu kwenye karatasi. Ulikuwa unacheka ukinisimulia. Ulidhani unanisifu.

Nilitoka nje. Wewe ulidhani nimekwenda haja. Nilikwenda nyuma ya nyumba, penye makapi ya ndizi, nikatapika. Halafu nikanawa uso, nikarudi, nikakuambia vizuri sana mwanangu. Hilo "vizuri sana" ndilo linalonichukiza kuliko matapishi.

Nilikuja Bukoba mwaka uliofuata vita, wewe ukiwa na miezi michache. Tulikuita Kemilembe kwa sababu ya amani. Kiwanda cha kukoboa kahawa kilikuwa kinafunguliwa upya, kuta zina matundu, mashine nusu zimeibwa, na walitaka watu wenye mgongo. Mimi nilikuwa na mgongo. Nilimwambia mama yako nakwenda miezi mitatu, nipate mabati, nirudi kwenye kibanja chetu cha migomba Buganguzi. Hiyo miezi mitatu ndiyo hii mpaka leo.

Kutoka Buganguzi mpaka hapa si mbali ukimuuliza mwenye gari. Lakini mtu mwenye Jumapili moja tu hawezi kwenda akarudi, kwa malori yale na barabara ile ya mvua. Lori likikwama Muhutwe, Jumatatu jina lako linasomwa kwenye kitabu cha mahudhurio na wewe hupo. Ukikosekana mara tatu, kazi huna. Basi nikawa baba wa Pasaka na Krismasi. Mdogo wako alikuwa akilia nikimbeba, kwa sababu ya harufu ya vumbi la kahawa ambayo haikutoka hata nikioga mara mbili.

Halafu ugonjwa ukaja. Mwanzoni watu waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo, wakacheka. Baada ya muda hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuita jina lolote. Kila wiki pale kiwandani kulikuwa na mtu anaomba ruhusa ya msiba. Vijijini nako wazee walipunguza siku za matanga, maana zile za zamani zingefuatwa, watu wangekaa matanga mwaka mzima na vibanja vingekuwa msitu. Wakubwa wa kiwanda nao wakapunguza kwa njia yao. Walibandika karatasi ubaoni: ruhusa ya msiba ni siku tatu, kwa baba, mama, mume au mke, na mtoto. Basi. Kaka hayumo. Bibi hayumo. Tulisoma tukarudi kwenye magunia.

Habari ya mama zangu umeisikia, kila mtu ameisikia, lakini nitaiandika tena maana bila hiyo hutaelewa nilivyooza.

Yustina ndiye aliyenilea tangu nilipoachishwa ziwa. Alikuwa dada wa mama yangu aliyenizaa, na kwetu dada wa mama ni mama. Ulipomwita yeye mama mdogo, alikuuliza huo udogo umeupima kwa kamba gani. Alipokufa, nilikwenda kwa karani nikasema mama yangu amefariki. Sikudanganya. Karani alikuwa kijana wa mkoa mwingine, si mtu mbaya, akaandika kwenye faili: mama, amefariki. Nikapewa siku tatu, nikamzika.

Mwaka wa pili yake akafa mama aliyenizaa. Nikasimama kwenye foleni ile ile. Karani akafungua faili, akaliwekea kidole.

"Mama yako alikwisha kufa."

"Yule alikuwa mwingine."

"Kwani una mama wangapi?"

Sikuwahi kuulizwa swali hilo maishani. Nikahesabu. "Wanne," nikasema. "Wamebaki wawili."

Foleni nzima ikacheka. Mmoja nyuma yangu akasema mpeni ruhusa zote kwa mkupuo, mtu huyu amalize. Karani naye alicheka, halafu akaniambia kwa upole kwamba kama nataka, nilete barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kuwa yule wa kwanza hakuwa mama yangu. Jina lake litakatwa, huyu aandikwe. Nikamwambia siwezi kuandikiwa barua ya kumkana mtu aliyenibeba mgongoni. Akainua mabega. Mama yangu akazikwa mimi nikiwa napanga magunia.

Siku ile nilikuwa na haki. Naikumbuka vizuri kwa sababu ndiyo haki yangu ya mwisho.

Habari ilisafiri kuliko mimi. Kule Buganguzi wanywaji wa pombe ya lubisi walinibatiza mtu wa mama wanne. Walinitania, lakini walinihurumia pia, na nilipokuja Krismasi kila nyumba niliyopita waliniwekea kiti na kuulaani mwajiri wangu. Huruma ni tamu, Kemi. Mtu anaweza kuila miaka miwili na asishibe. Nikazoea kuwa mtu aliyenyimwa. Ukiwa mtu aliyenyimwa, hakuna anayekuuliza kitu.

Ndipo alipokuja meneja mpya. Huyu hakumaliza hata miezi sita kabla ya kuzika kaka zake wawili. Alituita uani, akasimama juu ya mzani wa kupimia magunia ili tumwone, akasema ile karatasi ya ubaoni inawafanya watu waseme uongo na yeye hataki kiwanda cha waongo. Kuanzia siku ile mwenye mgonjwa nyumbani atafute mwenzake wapishane. Mmoja afanye kazi ya watu wawili siku kumi na mbili, mwenzake awe nyumbani siku kumi na mbili, kisha wabadilishane. Mgonjwa awe nani, ofisi haitauliza. Wanawake wanaochambua kahawa wenye watoto wachanga au wagonjwa waingie saa nne badala ya saa moja, wafidie jioni. Mambo haya siku hizi nasikia mnasomeshwa kwenye makaratasi kama kitu kipya kutoka ng'ambo. Sisi tulikuwa nayo, kwenye kiwanda cha mabati yaliyotoboka. Sasa nikuambie nani aliyeyaua.

Mama yako alikuwa amekwisha kulala kitandani kwa ugonjwa ule. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Uliniandikia kwenye karatasi ya daftari la hesabu, kwa penseli: Baba, mama anasema uje. Hukuandika kitu kingine.

Nilikuwa nashona magunia na Athumani. Unamfahamu, yule mzee wa mjini ambaye babu yake alikuja kutoka pwani, aliyekuwa akikutumia kashata kupitia kwangu. Athumani alisoma karatasi yako, akaikunja, akanirudishia. Akaniambia niende, yeye atasimama mahali pangu siku kumi na mbili, na zamu yake ya kupumzika hataidai kwa sababu nyumba yake iko hatua mia mbili kutoka getini. Nikaanza kumwambia juu ya magunia ya msimu, juu ya meli inayosubiri mzigo.

"Ishengoma," akasema, "kiwanda hiki hakijakufungia. Naona wewe ndiye unayeshikilia mlango."

Nikaona haya, nikaenda ofisini. Karani yule yule aliniandikia karatasi ya siku kumi na mbili, akaipiga muhuri, akaniambia mpe pole. Nilipewa, Kemilembe. Soma mara mbili kama hujaamini. Nilipewa.

Lori lilinishusha Kagoma siku ile mchana. Kutoka pale ilinibidi nitafute baiskeli au nitembee hadi nyumbani. Nikaona nipumzike kwanza. Niliingia kwenye kibanda cha pombe, nikakaa ndani karibu na ukuta. Nje, upande wa pili wa ukuta wa matete, walikuwa wamekaa wanawake wawili wauza ndizi. Mmoja alikuwa mtu wa milima ya kwetu. Sikumjua, naye hakujua nipo.

Alikuwa anamwambia mwenzake kwamba mke wa yule mtu wa mama wanne hatafika Jumapili ya pili. Kwamba amekuwa mwepesi mpaka binti yake humbeba mgongoni kumtoa nje kujisaidia, kama mama anavyombeba mtoto, na binti mwenyewe bado hajaota matiti.

"Na mume?" mwenzake akauliza.

"Wamemnyima ruhusa, maskini. Walimnyima mama, sasa wanamnyima mke. Wale watu wa kiwanda si watu."

Nilikuwa na karatasi yenye muhuri mfukoni. Nikaigusa. Nikaagiza lubisi nyingine.

Nimetafuta miaka yote hii namna ya kulieleza jambo hilo liwe dogo. Nimeshindwa. Uongo ulinikuta umekwisha pikwa na kupakuliwa, mimi kazi yangu ikawa kula. Watu wangenihurumia nikienda au nisipokwenda, na nisipokwenda wangenihurumia zaidi.

Nilikuwa naogopa nini? Wewe si mtoto tena, na mahali unapokwenda utasikia mengi, kwa hiyo nisikufiche. Mama yako hakuwahi kupita Muleba mjini maishani mwake. Hakuna mahali alipoweza kuupata ugonjwa ule isipokuwa kwangu. Hapa Bukoba nilikuwa na mtu. Nilikuwa nao wawili, kwa nyakati tofauti. Nilikuwa najiambia ni kwa sababu kazi imeninyima nyumbani. Unaona jinsi kazi ilivyokuwa inabeba kila gunia langu? Nikawaza kwamba nikiingia chumbani mle nitamwona yeye, na nitajiona mimi nitakavyokuwa. Tena nikawaza kwamba ataniuliza. Hilo ndilo lililonishinda miguu.

Nilikaa Kagoma siku tatu, nyuma ya kibanda, kwenye mkeka wa mwenye pombe. Siku ya nne nikapanda lori, si la kwenda kwenu. Nilirudi Bukoba, nikaripoti kazini, nikasema mgonjwa ana nafuu. Karani akashangaa, akaandika kwenye faili kwamba nimerudisha siku tisa. Jioni hiyo nikakuandikia ile barua, nikampa dereva wa kahawa aipeleke: Nimenyimwa ruhusa, mwambie mama avumilie.

Bibi yako, mama wa mama yako, aliniambia baadaye kwamba uliisoma kwa sauti pembeni ya kitanda, na mama yako akasema msimlaumu, ni kazi. Alikufa siku ya tano katika zile siku tisa. Kwa hiyo alikufa ndani ya siku zangu. Zilikuwa zangu, zimepigwa muhuri.

Nikapewa siku tatu za mazishi, nikaja. Watu walinishika mkono kaburini wakanung'unika juu ya matajiri. Wewe ulisimama karibu yangu umevaa sketi ya shule, ukaniambia kwa sauti ndogo, "Baba, si kosa lako." Na mimi nikaitikia kwa kichwa. Mtoto aliyekuwa amembeba mama yake mgongoni ananifariji mimi, nami nakubali kufarijiwa. Mara nyingine nikiwa nakula ninakumbuka kile kichwa changu kikiitikia, na chakula kinageuka kinyesi mdomoni. Nisamehe neno hilo. Sina jingine.

Nilidhani nimeshaharibu yote. Kumbe bado.

Siku niliporudi kutoka Kagoma, Athumani alinitazama viatu kabla ya kunitazama uso. Akauliza kama nimemwona. Nikasema nimemwona.

"Alikuwa amelalia upande gani?"

Nikainama kutafuta sindano yangu. Swali la mtu aliyewahi kuuguza, hilo. Anayemwona mgonjwa hata mara moja anajua analalia upande gani. Athumani akachukua sindano yake na uzi wake akahamia kona nyingine, na tangu siku hiyo hatujasema ila salamu. Hakumwambia mtu. Ningependa angesema.

Mei Mosi ikafika. Meneja alisimama tena juu ya mzani, akasoma majina ya wafanyakazi hodari, na la kwanza likawa langu. Akasema Ishengoma, ambaye mkewe alikuwa mahututi, alipewa siku kumi na mbili na akarudisha tisa kwa kuipenda kazi. Watu walipiga makofi. Nilipewa cheti na blanketi, na mwezi uliofuata wakanifanya nyapara. Blanketi lenyewe ni lile la kijivu ulilojifunika jana usiku; nyinyi niliwaambia ni zawadi ya magunia tu.

Na mwaka haukwisha wakaja wakubwa kutoka Dar es Salaam kukagua. Wakauliza mpango huu wa kupishana una faida gani. Meneja akaleta majalada. Wao wakakuta jalada moja zuri sana, la mtu aliyepewa siku akaona hazihitaji. Mkubwa mmoja akasema, mbele yangu, kwamba kumbe watu hawa wakiachiwa wenyewe wanachagua kazi, siku nyingi ni za kuwadekeza. Aliniuliza kama nakubali. Nilikuwa nyapara wa miezi mitano. Nikasema ndiyo mzee.

Mpango ukafutwa. Meneja akahamishwa. Ile karatasi ya baba, mama, mume au mke na mtoto ikarudi ubaoni, na safari hii waliipigilia misumari.

Wa kwanza kuumia alikuwa Adela, mchambuaji kahawa, msichana aliyekuwa anauguza dada yake hapa hapa Ijuganyondo. Alikuja kwangu kama nyapara, akaniomba nimruhusu aingie saa nne kama zamani, walau wiki mbili, ampikie uji mgonjwa na kumgeuza. Dada hakuwa kwenye karatasi. Nikamwambia kila mtu ana wagonjwa. Nikamwambia mimi mwenyewe nilirudi kabla ya siku zangu. Nililisema kwa kifua, kama vile nilikuwa nalisadiki.

Adela alikuwa ameshika ungo wa kuchambulia. Aliutua chini, akaniita kwa heshima kama Wahaya wanavyowaita wakubwa.

"Ta Ishengoma, wewe ulipewa zikakushinda. Mimi naziomba."

Hakurudi tena kazini. Sijui kama alijua au alisema tu. Dada yake alizikwa wiki hiyo, na mimi nilipita mbele ya ule msiba kwenda kazini, nikavuta kofia usoni. Baada ya hapo niliomba nirudishwe kwenye magunia. Watu wakasema nimejinyenyekeza. Sikujinyenyekeza. Nilichoka kuombwa.

Sasa unaelewa kwa nini nilitapika. Umekwenda mbele ya wakubwa wako ukautoa uozo wangu kama cheti, nao wakaupenda. Wataupenda kila mahali. Ninachojua juu ya kazi ni hiki kidogo: mwajiri hana haja ya kuwa mkatili ikiwa atapata mtu mmoja kama mimi wa kuwaonyesha wengine. Siku ambazo mtu mmoja anazirudisha, wenzake ndio wanaozikosa. Wewe ulisema huna mtu wa kukuvuta nyuma. Mtu asiye na wa kumvuta nyuma ni jiwe, mwanangu, na wewe unao.

Utakaa kwenye ofisi ya utumishi. Faili zitakuwa mkononi mwako. Atakuja mtu mbele yako na ndugu ambaye fomu haina nafasi yake, atababaika, ataanza kusema uongo kwa sababu ukweli wake hauna mstari wa kuandikia. Usimuulize ana mama wangapi. Muulize nani alimpikia alipokuwa mdogo, na uandike jina hilo hata kama ni pembeni ya karatasi. Unaweza kukaripiwa. Kukaripiwa hakuui, nimekaripiwa miaka ishirini. Na akija mwingine amerudi kabla ya siku zake, macho mekundu, anasema hali ni nzuri na yuko tayari kwa kazi, usimwandike vizuri. Mrudishe. Huyo amekimbia kitu. Namjua.

Ile fomu uliyoniachia mezani niiwekee sahihi kama mzazi nimeisoma yote. Mahali pa wategemezi umeandika hakuna. Mdogo wako hayumo. Bibi yako, aliyewalea nyinyi wawili nilipokuwa nalea magunia, hayumo. Sijaweka sahihi. Wajaze kwanza. Bibi mwandike mama, ndivyo unavyomwita, na karani akibisha, karani ni wewe.

Jina langu fanya unavyotaka.

Kuna jambo limebaki. Suruali zangu nimeanza kuzikunja kiunoni na mkanda nimeuongezea tundu. Inawezekana ni uzee na magunia. Sijapima, na sijui kama nitapima. Lakini ikiwa ni lile nililolikimbia Kagoma, basi limekuja kwa miguu yake mpaka hapa, na siku moja atakuletea mtu karatasi Mwanza kwamba baba anasema uje.

Siku hiyo watakupa siku, au watakunyima. Wakikunyima, gombana nao. Wakikupa, na ukae kitini na karatasi yako yenye muhuri ukaona miguu haitaki kuja kwa mtu huyu, usije. Sitakulaani, na nitawakataza wengine. Ila ninakuomba kitu kimoja tu, na ninakuomba kama mtu ambaye hana haki ya kuomba: usiandike kwamba umenyimwa. Andika kwamba hukutaka. Nitakuwa na mtu wa kunisomea, na nitaitikia kwa kichwa, na mara hii nitakuwa ninaitikia kweli.

Mimi baba yako,
Ishengoma